Hodi Zilizokuwa Zikipotea

Mtu niliyemwonea wivu zaidi maishani alikuwa rafiki yangu. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinitafutie visingizio huko mbele. Tulikaa dawati moja sekondari ya wasichana, tukagawana kitana na sabuni ya kufulia, na kwa miaka mitatu mimi nilikuwa wa kwanza kwa hesabu na yeye wa pili. Mwaka wa nne akawa wa kwanza. Alinijia anacheka, akanishika mkono, akasema, "Leo umenipisha." Nikacheka pia. Usiku ule sikula.

Mimi ni mtoto wa mjini Shinyanga. Babu alitoka Ujiji akifuata biashara, baba akafungua duka la vitambaa, na nyumbani tuliongea Kiswahili tu. Mwenzangu alitoka Samuye, kwenye mihogo na ng'ombe, na Kiswahili alikikuta shuleni. Herufi ya "ra" ilimshinda akiwa na haraka. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye nililitumia vibaya.

Katikati ya miaka ya themanini, wakati watu wakipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, sote wawili tulikuwa tumeajiriwa katika maabara moja ya kupima mawe nje kidogo ya mji. Sampuli zilikuja kwa lori kutoka upande wa Geita: Kharumwa, Masumbwe, na vilima vingine ambavyo majina yake niliyajua kwa kuyasoma kwenye vifuko vya turubai. Jiwe lilisagwa, unga ukayeyushwa kwenye tanuri, na mwisho kikabaki kitone cha dhahabu kidogo kuliko kichwa cha sindano. Kitone hicho ndicho kilichopimwa kwenye mizani maalumu iliyofunikwa kwa kioo, maana hata pumzi ya mtu iliiyumbisha.

Mizani ile iliungwa kwa waya na kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, yenye safu ya swichi na vitaa vyekundu mbele, na ilikaa chumba cha peke yake chenye kipoza hewa. Watu wa maabara walikuja pale kwa visingizio vya kazi kumbe wanatafuta baridi. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa chumba hicho. Nilikuwa nimepelekwa Ulaya miezi tisa kuisomea. Nafasi ilikuwa moja, tulifanya usaili sote wawili, wakanichukua mimi kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa chepesi zaidi. Nilipanda ndege nikiwa na furaha ya aina mbili, na moja kati ya hizo haikuwa nzuri.

Niliporudi nilikuta mwenzangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa namba za sampuli, ameanza kusoma programu za mashine. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amechukua marundo ya karatasi zilizochapwa programu nzima, zile ambazo fundi wa kigeni aliyefunga mitambo aliziacha kabatini, akawa anazisoma mstari kwa mstari wakati wa chai. Pembeni aliandika kwa penseli, nusu Kiswahili nusu Kisukuma. Niliona ile penseli nikasikia joto shingoni.

"Unaelewa?" nilimwuliza.

"Kidogo kidogo. Hapa kwenye lejista ndipo ninapokwama."

"Re-jista," nikasema, mbele ya watu watatu.

Akarudia, "Rejista," kwa utulivu, akaendelea kusoma.

Shida yenyewe ilianza msimu wa kiangazi. Wanajiolojia waliokuwa porini walihamisha mtambo wa kuchoronga hadi kilima kimoja upande wa Masumbwe, kwa sababu matokeo yetu yalionyesha dhahabu nyingi pale. Wakachoronga majuma mawili. Wakapata mawe tu. Wakati huohuo sampuli za Kharumwa, ambazo kwa macho zilikuwa na kila dalili nzuri, sisi tuliandika kwamba hazina kitu. Mkuu wa maabara, mtu wa Bukoba asiyependa kelele, alituita ofisini, akaweka karatasi mbili mezani, matokeo yetu na ripoti ya porini, akasema, "Moja kati ya hizi inadanganya. Niambieni ni ipi."

Nilianza na waya. Nikaagiza waya mpya Mwanza, ukaja, ukafungwa, kosa likabaki. Nikasema ni jenereta, umeme unaruka. Fundi wa umeme akakaa na kipimo chake siku mbili, akasema umeme ni mzuri. Nilikuwa nimebakiza jibu moja, na jibu hilo lilikuwa mtu.

Aliyekuwa akipima alikuwa mzee mmoja wa mjini, jirani wa baba yangu, mwenye kanzu safi kila Ijumaa na mikono isiyotetemeka. Sote tulimwita Mzee wa Mizani. Alikuwa anaweka kitone, anabonyeza kitufe, uzito unakwenda kwenye kompyuta, kompyuta inauandika mbele ya namba ya sampuli inayofuata katika orodha. Nikamwuliza kama huwa anarudia kupima.

"Trei ina vitone hamsini," akasema. "Mara nyingine nikimaliza, mashine inaniambia bado kimoja. Basi napima cha mwisho tena, inaridhika."

Nilichukua maneno hayo nikayageuza kosa lake. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja: mpimaji anasahau kubonyeza kitufe, matokeo yanasogea mstari mmoja, na kwa kuwa sampuli za vilima viwili zimepishana kwenye orodha, ya Kharumwa yanaandikwa Masumbwe, na mwisho anaficha upungufu kwa kupima mara mbili. Nikaweka sahihi. Mzee akaondolewa kwenye mizani akapelekwa chumba cha kusaga mawe, kwenye vumbi. Aliponipita koridoni nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," bila kupunguza hatua.

Mwenzangu alisoma ile ripoti akanirudishia.

"Mimi siamini kwamba anasahau," akasema. "Nimetazama madaftari. Matokeo yanasogea siku za Alhamisi tu."

"Na Alhamisi kuna nini?"

"Alhamisi printa inachapa ripoti ya juma, na yeye huku anapima."

Nilisimama pale nikijua kwamba ameshika kitu. Nilikuwa nimefundishwa jambo hilihili darasani, kwa picha na mishale, na halikunijia. Kompyuta haikai inaitazama mizani wakati wote. Ina kazi zake. Mizani ikiwa na uzito wa kupeleka, inatuma ishara, na mashine inaacha ilichokuwa ikifanya, inaendesha programu fupi ya kupokea, kisha inarudi pale ilipoachia. Ulaya ishara hiyo tuliiita intarapti, na mimi niliitamka hivyohivyo kwa madoido. Mwenzangu aliiita hodi. "Mizani inapiga hodi," alikuwa akisema. Haikupita juma maabara nzima, hadi wasaga mawe, wakawa wanasema hodi. Mkuu wa maabara akaandika "hodi" kwenye barua rasmi. Nilikuwa na cheti chenye muhuri, na neno lililotumika kwenye chumba changu lilikuwa la mtu asiyekuwa nacho.

Siku chache baadaye alinifuata mezani.

"Mwenzangu, nimefika mahali. Mizani na printa zinatumia mlango mmoja. Kuna rejista, kisanduku kidogo cha kumbukumbu, yenye alama ya kila mmoja, huyu amepiga hodi, yule hajapiga. Printa ikishahudumiwa, programu yake inafuta alama. Ninachotaka kujua ni kama inafuta yake peke yake au inafuta zote. Kwenye hizi karatasi halionekani. Lazima liwe kwenye kitabu cha ile kadi inayounganisha mizani na mashine. Ulikuja nacho?"

Nilikuwa nacho. Kilikuwa nyumbani Ngokolo, kwenye rafu ya chini, nimekifunga kwa gazeti kisishike vumbi. Nilikuwa hata sijakifungua tangu nirudi.

"Hapana," nikasema. "Walituonyesha tu darasani. Hawakutupa."

Akanitazama kidogo, si kwa shaka, alikuwa anafikiri. "Basi itabidi niijaribu mwenyewe."

Jioni ile nilikifungua kitabu. Sura ya nne, katikati ya ukurasa, sentensi moja fupi ilijibu swali lake. Nilikaa kitandani nacho mapajani. Ningeweza asubuhi kusema nimekumbuka. Ningeweza hata kusema nimeligundua mimi, na hilo nililifikiria kwa muda mrefu zaidi. Lakini kuligundua mimi kungekuwa kukubali kwamba ripoti yangu ilikuwa uongo. Nikakifunga tena kwa gazeti.

Majaribio yake yalichukua majuma matatu. Kama mkuu wa chumba, mimi ndiye niliyegawa saa za mashine, na nilimpa saa ya chakula cha mchana peke yake. Hakulalamika. Alikuja na kiporo cha viazi kwenye bakuli, akala amesimama. Alichukua kipande cha waya mwembamba, akakiweka kwenye mizani, akabonyeza kitufe mara mia printa ikiwa imezimwa. Vipimo mia vikafika. Kisha akaiwasha printa ichape chochote, akabonyeza tena mara mia. Vikafika tisini na sita. Akarudia kesho yake, na keshokutwa. Halafu akaandika programu ndogo, akaiingiza kwa zile swichi za mbele, moja juu, moja chini, akisimamisha mashine kila hatua ili asome vitaa. Nilimwona akichora vitaa hivyo kwenye daftari kama watoto wanavyochora shanga, vilivyowaka na visivyowaka.

Mimi nilikuwa nakaa upande wa pili wa dirisha la kioo la chumba kile nikijifanya nina kazi. Nilimwombea akosee. Ni jambo baya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilimwombea kwa maneno kabisa, baada ya sala ya adhuhuri.

Hakukosea. Siku moja mchana alitoka mle ndani akiwa na daftari, akapita mbele ya meza yangu, akagonga kwa mkuu wa maabara. Nilifuata, maana kilikuwa chumba changu na nilikuwa na haki ya kusikia.

"Mkuu, ni hivi," akaanza. "Printa inapiga hodi. Mashine inakwenda, inatazama nani kapiga, inaona ni printa, inaihudumia. Wakati inaihudumia, mizani nayo inapiga hodi. Mashine haijatazama tena. Inamaliza na printa, inafuta alama ili iondoke. Sasa kule kufuta kunafuta alama zote mbili. Hodi ya mizani imekwenda. Mzee alibonyeza, uzito ukaja hadi mlangoni, hakuna aliyefungua."

Mkuu wa maabara aliligeuza daftari upande wake. "Kwa hiyo Mzee hakusahau."

"Hakusahau hata mara moja."

"Na dawa yake?"

"Tubadilishe mpangilio. Mashine ikiitwa, ifute kwanza, halafu iulize wote wawili, mizani una kitu, printa una kitu. Atakayepiga hodi baada ya hapo, alama yake itabaki, na mashine itarudi tena. Ni mistari sita."

Mkuu akanigeukia. "Wewe unaonaje?"

Nilitafuta kosa. Nililitafuta kwa nguvu zote za miezi tisa ya Ulaya. "Ni sawa," nikasema.

Tulitoboa utepe mpya wa karatasi, ambao mashine husoma matundu yake, siku hiyohiyo, tukapakia programu, printa ikachapa mchana kutwa huku kipande cha waya kikipimwa. Mara mia, mia. Mara mia tena, mia. Wafanyakazi walikuja mlangoni wakapiga makofi, na mmoja akasema kwa Kisukuma maneno ambayo sikuyaelewa, mwenzangu akainama akicheka. Sampuli za Kharumwa zilipimwa upya, na safari hii zikaonyesha kile ambacho wanajiolojia walikuwa wakikisema tangu mwanzo.

Mzee wa Mizani alirudishwa kwenye kiti chake Jumatatu iliyofuata. Alirudi na kikohozi. Hakikuwa kikubwa, lakini alilazimika kugeuka pembeni kila kilipomjia ili asiyumbishe mizani, na mara nyingine kilimjia kitone kikiwa tayari kimewekwa, akaanza upya.

Nilishikwa na malaria mwezi ule, nikalala nyumbani siku nne. Siku ya tatu mwenzangu alikuja kunijulia hali, na kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwao. Alimsalimia mama yangu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," mama akajitahidi kuitikia, wakacheka wote wawili. Kisha akaingia chumbani, akakaa chini karibu na rafu akinisimulia habari za kazini. Gazeti lililofunga kitabu lilikuwa limechanika pembeni. Niliona macho yake yanavyosimama.

Akakitoa. Akaondoa gazeti taratibu, akalikunja.

"Kumbe kipo," akasema.

"Kipo."

"Tangu lini?"

"Tangu nirudi."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa na homa na nilidhani kutukanwa kungenisaidia. Yeye akafungua kitabu, akatafuta sura, akasoma. Alisoma kwa muda, kidole kikifuata mistari, mpaka nikaona uso wake unabadilika, unachangamka, na nikaelewa kwamba kwa dakika ile alikuwa amenisahau kabisa.

"Kumbe ukiandika chochote kwenye ile rejista inafuta zote," akasema. "Mimi nilidhani ni biti ya sita tu, kile kitaa kimoja, ndiyo inayofuta. Nilikosea hapo."

Ilinichoma kuliko tusi. Nilikuwa nimemwibia majuma matatu, na yeye alichokiona ndani ya wizi huo ni biti ya sita.

Kisha akakirudisha mahali pake na kusimama.

"Mzee anakohoa," akasema. "Kwa hilo mimi sina la kukuambia." Akatoka, akamuaga mama vizuri.

Hakumwambia mtu yeyote. Najua, kwa sababu nilingoja miezi nisikie. Kazini aliendelea kunisalimia, akaendelea kunipa taarifa kama mkuu wake, lakini maswali yaliisha. Hapo ndipo nilipotambua kwamba maswali yake yalikuwa heshima, na kwamba nilikuwa nimeyapokea miaka yote bila kujua nimepewa nini.

Kwa Mzee nilikwenda mwenyewe, baada ya sala ya alasiri, nikamkuta barazani kwake. Nilimweleza yote, ripoti na kitabu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini?" akauliza.

"Wivu."

"Kwangu mimi?"

"Hapana, Mzee. Kwa mwenzangu."

"Basi mimi nilikuwa njiani tu," akasema. Alikohoa, akafuta mdomo. "Nimekusikia. Siwezi kukuambia haidhuru, maana imedhuru. Nenda nyumbani. Mama yako msalimie."

Mimi na Mzee tulifanya kazi jengo moja miaka mingine miwili, na hatukurudi tena pale tulipokuwa. Aliniitikia salamu. Neno "mwanangu" aliliacha.

Nafasi nyingine ya masomo ilipotokea, mkuu wa maabara aliniuliza nani aende. Niliandika jina la mwenzangu, na sifa zake nilizipanga vizuri, zote za kweli. Watu walinisifu kwa ukarimu. Ukweli ni kwamba nilitaka aondoke. Nilitaka nikae kwenye chumba changu niwe wa kwanza tena, hata kama wa kwanza kati ya mmoja.

Alikwenda, hakurudi Shinyanga. Alipata kazi Dar es Salaam, na habari zake zilinifikia kwa watu waliotoka huko: ana chumba cha mashine tatu, ana watu chini yake, amealikwa nje kufundisha. Kila mara niliuliza swali moja la ziada, wangapi chini yake, mashine za namna gani, na kila jibu nilikwenda nalo nyumbani. Mimi nami niliendelea kujifunza. Mwaka mmoja printa mpya ilipokuwa ikikwama katikati ya ukurasa, nilifukua programu yake siku tano nikakuta inazuia hodi zote kisha inasahau kuziruhusu pale karatasi inapokwisha. Nikairekebisha peke yangu. Nilifurahi kweli, kwa dakika kama kumi. Baada ya hapo nikaanza kufikiri yeye angetumia siku ngapi.

Mama yake alipofariki nilikwenda Samuye. Nilikaa na akina mama jikoni, tukakoroga ugali kwenye masufuria makubwa, moshi machoni. Mchana mwenzangu alikuja na wageni wawili waliosafiri naye kutoka Dar, vijana wa ofisini kwake, akawaleta hadi pale tulipokuwa. Alikuwa amekonda, khanga imefungwa kiunoni, macho mekundu.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kompyuta," akawaambia, akiwa amenishika bega.

Haikuwa kweli. Sikuwahi kumfundisha kitu, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Wale vijana wakaniamkia kwa heshima, "Shikamoo, mama," mmoja akaniuliza zamani zile tulitumia mashine gani. Nilimtazama mwenzangu usoni nikitafuta kejeli, sikuiona. Alikuwa amechoka na alikuwa na msiba, na alinipa neno lile kama mtu anavyompa mgeni kiti. Nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba aliweza.

"Marahaba," nikawaitikia, kisha nikaanza kuwaeleza mashine ilivyokuwa, ukubwa wake, swichi zake, vitaa vyake vyekundu. Niliongea kwa muda mrefu, na sikuwasahihisha.